Majani Makavu ya Mkwe

Juzi nilikamatwa Maganzo nikiwa nimeingiza mkono kwenye majani ya watu.

Nilikuwa nimetoka Kahama, kwenye saluni yangu ninakosuka, nikaenda kumsalimia shangazi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ile ya mchana inayonyesha kama imetumwa na mtu mwenye haraka. Nikapita nyuma ya nyumba moja nikaona lundo la majani limefunikwa turubai la bluu, jamaa kawawekea ng'ombe wake. Hapo hapo pua ikanishtua. Sikupiga hodi. Nikafunua turubai, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Dada, umepoteza nini humo?" Mwenye majani kasimama nyuma yangu na kikombe cha uji.

"Sijapoteza kitu, kaka. Majani yako yana homa."

Akaniangalia vizuri, kwanza uso, halafu mkono. "Wewe ni wa mifugo?"

"Mimi ni wa nywele. Lakini yatandaze leo hii, la sivyo utalia."

Akaingiza na yeye mkono, akautoa mbio kama kagusa sufuria. Uji tuliumalizia pamoja. Shule yangu mimi, rafiki yangu, ni ya msingi tu, na cheti chenyewe nadhani mende wa shangazi wameshakisoma mpaka mwisho. Ila kwenye majani usinichezee. Hiyo elimu niliipata kwa Bibi, msimu mmoja wa mvua, na mwalimu wangu alikuwa farasi.

Ndiyo, farasi. Maganzo. Usicheke kwanza.

Jirani yetu alikuwa mtu wa Tanga, Mwislamu mpole, aliyekuja siku nyingi kununua almasi kwa wachimbaji wadogo. Siku moja, mimi nikiwa darasa la nne, likaingia Fuso, na nyuma ya Fuso kasimama mnyama ambaye wote tulikuwa tunamjua kwenye kalenda tu. Mtaa mzima ulihamia pale. Wachimbaji waliacha machekeche yao, mama wa maandazi akaacha mafuta jikoni. Mzee mmoja akamzunguka mara mbili, akatoa hukumu: "Huyu ni punda aliyesoma." Jirani akatueleza kwamba amemnunua Arusha, atakuwa anamkodisha kwa mabwana harusi wa Shinyanga na Kahama, waingie ukumbini kama wafalme. Bwana harusi wa kwanza aliingia kama mfalme kweli, akatoka kama gunia. Lakini hiyo ni hadithi ya familia nyingine.

Bibi alikuwa na punda wawili wa kuvuta mkokoteni wa maji. Walimtazama yule mgeni kama ndugu aliyerudi kutoka Ulaya, wakangoja kuona kama atawasalimia. Hakuwasalimia. Bibi akampa jina siku hiyo hiyo: Mkwe. Alisema anachagua chakula, hacheki na watu, na huwezi kumfukuza, sasa huyo kama si mkwe ni nani?

Nilikuwa naishi na Bibi sisi wawili tu. Asubuhi uji wa mtama, jioni ugali na mlenda, na katikati michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Unatafuna kimoja kuanzia nyumbani mpaka shuleni na bado kipo. Ukimwambia Bibi una njaa anakuuliza, "Meno yako yameisha?" Mpaka leo nikisikia mvua inapiga bati, mdomo wangu unaanza kutafuna wenyewe.

Sasa mvua zikiwa zimechanganya, mke wa jirani akaugua. Jirani akaja kwetu alasiri, kanzu imeloa chini, amevua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mgonjwa yukoje?"

"Tumeandikiwa Mwanza. Wanasema lazima apasuliwe." Akawa anakunja kofia yake na kuikunjua. "Bibi, nataka nikuachie amana."

"Amana gani?"

"Huyo." Akaonyesha kwa kidevu. Mkwe katoa kichwa kwenye banda anatusikiliza.

"Mie najua ng'ombe na punda, baba. Huyo simjui hata anakohoa vipi."

"Hapa mtaani wote tunajua mawe tu, Bibi. Wewe ndiye unayejua viumbe."

Bibi akamwangalia Mkwe toka kwato mpaka masikio. Alikuwa si mtu wa kuahidi ovyo. Hata ukimwomba chumvi anaangalia kwanza kama ipo. Mwisho akasema, "Nenda kamuuguze mwenzio. Mkwe utamkuta amesimama."

Hayo maneno niliyasikia mimi mwenyewe kwa masikio yangu, na yalikuja kunitesa.

Kabla ya kuondoka jirani alitufundisha. Majani mabichi ya mvua asile mengi, tumbo lake si la ng'ombe. Ng'ombe akila vibaya anacheua, anatafuna tena. Farasi kikishaingia kimeingia, hana njia ya kukirudisha. Ale majani makavu. Akatuonyesha marobota yaliyotoka Arusha, akasema yakikaribia kwisha lori litaleta mengine. Lile lori, rafiki yangu, mpaka leo sijaliona. Tuliambiwa barabara imekatika, tukaambiwa limekwama, baadaye hatukuambiwa kitu. Na marobota yaliyobaki yakavujiwa na mvua.

Basi Bibi akanipa mundu. Kazi yangu ikawa kukata majani laini yale ya chini ya mlima, lakini nisikate mpaka umande ukauke, halafu niyatandaze uwanjani, niyageuze, na yakikauka kabisa ndiyo niyaweke bandani. Kazi nzuri tu, kama hujui kwamba saa hizo hizo wenzako wanacheza rede. Mimi kwenye rede nilikuwa hatari, hanipigi mtu na mpira. Nikafanya hesabu zangu za kitoto: nikikata alfajiri na umande wake, nikashindilia chini ya turubai, nani atajua? Majani si majani?

Siku tatu nilikata hivyo, nikacheza rede mpaka sauti ikakauka. Siku ya nne Mkwe akanusa majani yangu, akageuza shingo. Nikaona huyu ananiletea ukwe. Nikachanganya na pumba za mpunga, nikanyunyiza na chumvi kidogo, akadanganyika. Akala yote. Nilimsifia kabisa: "Umeona? Ulikuwa unaringa tu."

Kesho yake, Jumamosi, tukamkuta amelala chini.

Hakuwa amelala usingizi. Anajigeuza, anajipiga, anainua kichwa anaangalia ubavu wake kama kuna mtu kamchoma pale, jasho linamtoka na baridi yote ile. Bibi akasimama mlangoni na ndoo yake. Mimi nikajaribu utani, ndiyo kazi yangu: "Bibi, labda amechoka, jana alikula sana." Bibi alienda moja kwa moja kwenye turubai.

Alipolifunua, mvuke ulitoka. Katikati majani yalikuwa meupe, yameota unga kama mkate uliosahaulika. Akanishika mkono, akauzamisha humo mpaka kwenye kiwiko.

"Unasikia nini?"

"Moto, Bibi."

"Nusa."

"Kama... kama soksi za mjomba."

Siku nyingine angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo hakucheka. "Hiki ndicho alichokula. Kwa mkono wako huu huu." Nikaanza kulia nikingoja fimbo. Fimbo yenyewe ilikuwa pale pale, ya punda. Bibi akasema, "Mkono huu leo sina muda wa kuuchapa, mayu, mama yangu. Una kazi. Nyamaza, tumwinue."

Rafiki yangu, afadhali angenichapa.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki, matope mpaka kwenye kofia. Akasimama mbali na banda.

"Bibi, nisikufiche. Mimi nimesomea ng'ombe."

"Na mie sijasoma kabisa. Haya, tuanze."

Akapanda juu ya mkokoteni kutafuta mtandao, akampigia mwenzake anayejua farasi, akawa anapokea maelekezo kwa sauti mtaa mzima ukisikia. Akamchoma sindano ya maumivu. Akaweka sikio tumboni, akasema humo ndani kimya, hakuna kinachotembea. Tumtembeze taratibu, tusimwache ajigaragaze, asile kitu, tungoje choo. Choo kikitoka, amepona. Kisipotoka, alituangalia tu, akaanza kufunga begi lake.

Hivyo ndivyo Maganzo nzima ilivyokaa Jumamosi moja ikisubiri mavi ya farasi. Bibi anamvuta mbele, mimi nyuma na kijiti, tunazunguka kwenye matope. Mama wa maandazi anauliza kwa juu ya uzio, "Bado?" Bado. Mwalimu wetu wa darasa anapita na baiskeli, "Kimepatikana?" Hakijapatikana, mwalimu. Mchimbaji mmoja akasema yeye katafuta almasi miaka mingi lakini hajawahi kuona watu wanaotafuta kitu kwa uchungu hivi. Bibi hakuwa anasikia. Midomo yake ilikuwa inacheza, nadhani rozari. Mimi rozari iliniruka yote. Nilikuwa nasema tu, Mungu, nitaacha rede.

Ilipofika kama saa tisa, Mkwe akasimama, akainua mkia. Bibi alipiga vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia hata harusini. Watu wakapiga makofi. Punda wetu wakaangaliana, maana wao wanafanya hivyo kila siku na hakuna aliyewahi kuwapongeza.

Lakini ilikuwa nusu tu ya shida. Bwana mifugo alisema kuanzia pale Mkwe ale hei tupu, yaani majani yaliyokaushwa vizuri, kidogo kidogo. "Akila tena kibovu, msiniite mimi. Iteni watu wa kuchimba." Sasa hebu niambie, majani makavu utayatoa wapi wakati mpaka kuku wanatembea wamekunja kanga? Kila kitu kilikuwa kimeloa. Hata kiberiti kilikuwa kinawaka kwa kubembelezwa. Na jirani alikuwa bado Mwanza, mkewe ndiyo kwanza katoka chumba cha upasuaji. Alipiga simu, Bibi akamwambia, "Uguza, baba. Huku tupo." Akakata kabla hajaulizwa.

Tulijaribu. Bibi aliomba majani ya mpunga kwa mtu wa Kagongwa, yakaja juu ya lori yakiwa yanachuruzika kama nguo. Tukakata mengine tukayaning'iniza jikoni juu ya moto, siku mbili, yakakauka safi. Mkwe akayanusa, akatuangalia kama afisa afya aliyekuta mende hotelini. Yalikuwa yananuka moshi na dagaa. Hakugusa. Punda wakala kwa niaba yake. Mbavu za Mkwe zikaanza kuhesabika, na miguu ya mbele ikawa inatetemeka akisimama muda mrefu. Bibi alikuwa akipita pale anamgusa shingo, na mimi nikimwona anafanya vile najificha nyuma ya tangi.

Jawabu lilitokana na sketi yangu. Nilikuwa na sketi moja ya shule, na kila ikiloa nilikuwa nakimbia nayo mapumziko kwenye yale majabali makubwa nyuma ya shule, naitandaza juu ya mwamba, nakaa pembeni na gauni la ndani nimejifunga sweta. Jua likitoka hata kwa dakika chache, mwamba unashika joto, na wingu likirudi joto bado lipo. Kengele ikigonga sketi imekauka. Siku hiyo nimeitandaza, nikaangalia, nikaikunja mbio nikaenda nyumbani bila ruhusa.

"Bibi! Mwamba!"

"Mwamba umefanyaje?"

"Unakausha! Sketi yangu, ona, shika!"

Bibi akaishika, akaiweka shavuni. Nikaona uso wake unafunguka. "Na michembe yote hii ya maisha yangu," akasema, "nimeikausha juu ya majabali yale. Mbona sikuwaza?" Halafu akaongeza lile neno lake ambalo mpaka leo nalisema kwa wateja saluni, wao hawaelewi: "Jiwe halisahau jua upesi."

Kuanzia hapo tukayakausha majani kama viazi. Hakuna cha kulundika. Unakata umande ukishaondoka, unatandaza membamba mpaka uone mwamba chini yake, unageuza kabla hayajashikana, na wingu jeusi likionekana kule Mwadui, unakusanya kwa kanga unakimbia. Shida ilikuwa kukimbia. Bibi magoti yalikuwa hayamsikilizi, na mimi niko darasani. Nikaenda kumwambia mwalimu ukweli wote, mpaka rede. Alinisikiliza, akasema adhabu yangu ataifikiria. Asubuhi yake akatangaza mstarini kwamba wingu likija, lile rimu la gari tunalogonga kama kengele litagongwa mara tatu, na darasa la nne wote watoke wakaokote majani ya Bibi.

Ungetuona. Hesabu za mafungu zikiwa ubaoni, ngo-ngo-ngo, watoto hamsini tunapanda majabali kama nyani, tunakusanya, tunacheka, tunateleza, tone la kwanza linaanguka tayari majani yako mlangoni kwa Bibi. Siku nyingine wingu lilikuwa linakataa, tunarudi kuyatandaza upya. Kuna wavivu wa hesabu waliokuwa wanaliombea wingu lije kila saa.

Na yakikauka tuliyaweka wapi? Chumbani kwa Bibi, ndicho chumba pekee ambacho bati lilikuwa halivuji. Kitanda kikatolewa, tukahamia sebuleni kwenye mkeka. Bibi alisema hata kwenye harusi za heshima mkwe ndiye anayepewa chumba. Kila jioni ananipeleka pale, nazamisha mkono. Baridi? Sawa. Kuna uvuguvugu? Kesho yanarudi mwambani. Nasokota fungu: likikatika kwa sauti, yamekauka, likijikunja, bado. Na harufu, ah, majani mazuri yananukia kama majani ya chai ukifungua pakiti mpya, na rangi bado ya kijani. Sikukosea tena hata fungu moja.

Mara ya kwanza tulipompelekea, Mkwe alinusa muda mrefu kweli. Bibi kashika kamba, mimi nimeshika pumzi. Akatoa mdomo, akachukua kidogo kwenye kiganja changu, akatafuna. Akachukua tena. Nikaangua kilio pale, Bibi akaniambia nisimlilie mkwe chakulani, ni mkosi.

Jirani alirudi baada ya majuma karibu matano. Mkewe alishuka kwenye gari taratibu, kashika tumbo, amekonda lakini anacheka. Sisi tulikuwa uani tunapukuchua karanga. Mkwe alisikia ile sauti ya "Hodi" akapiga kelele mpaka bati likatetemeka. Jirani akaenda pale, akamkumbatia shingo, akakaa hivyo. Halafu akapitisha mkono ubavuni, akazihisi mbavu.

"Amepungua, Bibi."

Karanga ziliniganda mkononi. Nikajua ndiyo leo.

Bibi akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Amepungua, baba. Tulimlisha majani mabovu. Tulikuwa wavivu, tukayaweka mabichi, yakashika moto, tukamdanganya kwa pumba na chumvi akayala. Akaanguka, kidogo atufie. Kama una neno, tuseme sote."

Tulikuwa. Tukamdanganya. Bibi ambaye hakuwa ameshika hata unyasi mmoja wa ule ubovu.

Jirani akarudisha mkono ubavuni mwa Mkwe. Mkewe ndiye aliyesema, "Sasa mbona kasimama?"

"Kasimama kwa ajili ya huyu," Bibi akasema, na akanisukuma mbele kwa kiganja mgongoni. "Huyu ndiye aliyetafuta majani makavu mvua yote hii. Mie nilikuwa namsaidia tu. Wabeja mwambieni yeye."

Jirani akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima, mnunuzi wa almasi, akanishika mikono yote miwili akasema "Wabeja, mama," ile asante yetu ya Kisukuma, kwa lafudhi yake ya Tanga. Nilitaka kusema ukweli wangu. Badala yake nikampa zile karanga zilizokuwa mkononi. Jioni nikamwuliza Bibi kwa nini. Akasema kosa likibebwa na wawili linatembea, likibebwa na mtoto peke yake linamkalisha chini. Halafu akaniambia nikaoshe vyombo.

Mkwe alikaa mwaka mwingine. Baadaye mke wa jirani akataka kuwa karibu na ndugu zake, wakahamia Tanga, na Mkwe akapandishwa tena kwenye Fuso. Nikampa kapu la majani ya njiani. Bibi naye alishatangulia. Nimekuwa mtu mzima, nimekosea mengi, na kila nikikosea nasikia sauti inayosema "tulikuwa." Nina wasichana wawili wanajifunza kusuka kwangu. Wakiharibu kichwa cha mteja, nakuta mdomo wangu unasema, "Tumekuharibia, dada, tusamehe." Mara ya kwanza walidhani naumwa.

Siku ile juzi nilipotoka kwa shangazi nikapanda mpaka nyuma ya shule, nikitaka kuyaona majabali. Hayapo. Wameyapasua yote, pamebaki shimo, milundo ya kokoto, na akina mama wawili na nyundo zao chini ya kivuli cha gunia. Mle ndani ya shimo maji ya mvua yametuama, bata wanaogelea. Kijana mmoja akanifuata mbio, kashika daftari.

"Karibu dada. Tripu ngapi?"

"Sinunui, mdogo wangu. Nimekuja kushukuru."

"Kumshukuru nani?"

Nikaangalia. Jabali hakuna, Bibi hakuna, farasi hakuna, hata mwalimu alishahamishwa. Amebaki yeye tu, na vumbi la mawe kwenye kope.

"Wewe," nikamwambia. "Wabeja sana."

Akashangaa kidogo, halafu akaniitikia kwa heshima zote, kama mtu aliyekuwa anajua kwa nini.

"Haya dada. Wabeja na wewe."